Mtoto wa Malukhu ana mengi ya kuandika, apewe nafasi

MBALE

MTOTO anayekulia Malukhu, katika jiji la Mbale, hakosi la kusimulia. Anaujua mlima Wanale na maporomoko yake wakati wa mvua. Anajua jinsi malewa yanavyopikwa. Kila baada ya miaka miwili husikia ngoma za imbalu, tohara ya Wamasaba, na kuwaona vijana wakipita wakicheza. Muulize akiwa nyumbani, atasimulia hadi chakula kipoe.

Mpe kalamu darasani, hadithi inakatika.

Kwa wanafunzi wengi wa msingi, kuandika maana yake ni kunakili kilicho ubaoni. Lugha nayo ni kikwazo. Mtaala ulioanza mwaka 2007 unataka darasa la kwanza hadi la tatu lifundishwe kwa lugha ya mama, kisha Kiingereza kishike nafasi kuanzia la nne. Lakini mjini, ambako Lumasaba, Kiteso, Kiganda na Kiswahili hukutana katika ua mmoja, shule nyingi huanza na Kiingereza moja kwa moja. Mtoto anatafuta wazo, neno la kigeni na herufi zake kwa mpigo mmoja. Akikosea, hupokea wino mwekundu. Haishangazi akiichukia kalamu.

Funzo moja linatoka kaskazini mwa nchi. Mwaka 2013, watafiti Jason Kerwin na Rebecca Thornton walipima mradi wa kusoma na kuandika wa Mango Tree katika shule 38 za eneo la Lango. Mradi kamili, uliotumia lugha ya watoto, uliinua kusoma na kuandika. Toleo la bei nafuu liliinua kusoma kidogo tu, na katika baadhi ya vipengele vya kuandika watoto waliachwa nyuma hata na wale ambao shule zao hazikupata mradi. Katika toleo hilo walimu walifundishwa na wakufunzi wa serikali badala ya wataalamu wa mradi, na vibao vya kuandikia havikutolewa.

Kibao kina faida yake: kosa hufutwa kwa kiganja, mtoto akajaribu tena bila aibu.

Mwalimu mwenye darasa lililojaa hawezi kusahihisha kila daftari kila siku, wala hahitaji. Watoto wasimuliane kwanza kwa mdomo, wachore, kisha waandike sentensi mbili chini ya picha. Neno lisilojulikana kwa Kiingereza liandikwe kwa Lumasaba, litafutwe baadaye. Kila mmoja amsomee jirani yake. Mwalimu aulize kwanza, "Kisha ikawaje?", ndipo asahihishe kosa moja au mawili. Kurasa bora zishonwe kwa uzi ziwe kitabu cha darasa, kisomwe hata na wazazi.

Jambo hili linaigusa Jumuiya ya Afrika Mashariki nzima. Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda lilipendekeza Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Kikifundishwa kwa kunakili ubaoni, kitakuwa mzigo mwingine begani mwa mtoto. Kikiingia kama lugha ya kumwandikia rafiki wa Busia au Mwanza habari za Wanale na imbalu, mtoto wa Malukhu atakuwa na sababu ya kushika kalamu bila kusukumwa.