Je, mlima mweusi wa Lubumbashi utaiokoa Gécamines?



Wengi wenu mmeuliza kama ni kweli kwamba madini ya chipu za kompyuta yako hapa Lubumbashi, na kwamba sasa Gécamines itafufuka. Madini yapo. Kuhusu ufufuo, tukae kwanza tuhesabu.

Mlima mweusi ulio karibu na bomba refu la moshi haukuumbwa pamoja na milima mingine. Ni mabaki ya tanuru, yaliyomwagwa pale tangu siku za Union Minière du Haut-Katanga. Mawe ya Kipushi yaliyoyeyushwa humo yalikuwa na jemaniamu, na sehemu yake ilitupwa pamoja na mabaki. Transista ya kwanza, babu wa chipu za leo, ilitengenezwa kwa jemaniamu mwaka 1947. Leo silikoni imechukua nafasi hiyo, lakini jemaniamu bado inaingia katika chipu fulani, katika nyaya za kioo zinazopitisha intaneti, na katika kamera za kuona gizani. China, inayotoa nyingi kuliko wote, ilianza kubana uuzaji wake mwaka 2023, na bei ikapanda. Mwaka 2024, STL, ambayo ni mali ya Gécamines, ilipeleka mzigo wake wa kwanza Ubelgiji kwa Umicore. Na Umicore ni nani? Ni Union Minière, iliyobadili jina mwaka 2001. Mwenye nyumba wa zamani amerudi kama mnunuzi!

Lakini dunia nzima haitoi hata tani 1,000 za jemaniamu kwa mwaka. Shaba ya Kongo peke yake ilipita tani 2,000,000 mwaka 2023. Jemaniamu ni nyongeza nzuri. Haiwezi kubeba kampuni nzima.

Katikati ya miaka ya 1980, Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Serikali ilikamua faida, mashine zikachakaa bila kubadilishwa, na mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka. Mwaka 2003 haikufikia hata tani 30,000. Mwaka huohuo wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango ulioitwa "departs volontaires". Kila kanisa la hapa lina familia zinazojua kama kweli walijitolea.

Leo kampuni inaishi hasa kwa hisa zake katika migodi inayoendeshwa na wengine: 20% Tenke Fungurume, 25% Kamoto Copper Company. Mwaka 2023, baada ya ugomvi mrefu, CMOC ya China ilikubali kuilipa dola milioni 800 kwa miaka sita, mbali na gawio la faida. Feza hiyo ndiyo inayoifanya ipumue. Ila anayeishi kwa hisa humtegemea mwenzake anayechimba, na bei ya shaba ikianguka, wote wawili wanalia.

Kwa hiyo sidhani kwamba Gécamines itakufa kesho. Swali langu ni lile la Yusufu kule Misri: katika miaka hii ya mavuno, ghala linajengwa? Kampuni imeanza kudai fungu lake la shaba ili iliuze yenyewe, na hilo ni jema. Lakini bila kutafiti na kufungua migodi yake, itabaki mpokeaji wa kodi. Vijana wanaoniuliza kama wasubiri kazi pale ninawaambia wasisubiri: kiwanda cha kuchuja mabaki hakiajiri makumi ya maelfu ya watu kama ilivyokuwa kwa baba zao. Tuangalie ni kiasi gani cha zile dola milioni 800 kitashuka chini ya ardhi, na ni kiasi gani kitapanda Kinshasa.