Kubanduka kwa klia

Kubanduka kwa klia ni kuharibika kwa tabaka angavu la juu kwenye rangi ya gari. Klia huipa rangi mng'ao na kuikinga dhidi ya jua na maji. Mtindo wa kupiga rangi kwanza, kisha klia, ulienea viwandani miaka ya 1980. Tabaka hilo ni jembamba kuliko unywele: kwa kawaida mikromita 40 hadi 50 hivi.

Kisababishi kikuu ni mionzi ya urujuanimno. Lamadi, katika wilaya ya Busega mkoani Simiyu, iko kando ya barabara ya Mwanza–Musoma, nyuzi 2 na kidogo kusini mwa ikweta, na jua huwa la utosini mara mbili kwa mwaka. Lori linaloegeshwa hapo bila kivuli huanza kuharibika paa la kebini na boneti. Milango hufuata baadaye sana.

Utambuzi

Mwanzoni rangi hufifia na kuwa kama ina ukungu, kisha huonekana mabaka meupe na magamba yanayotoka kwa kucha. Hata hivyo, si kila lori la zamani lina klia. Kipimo rahisi ni kusugua sehemu safi kwa kitambaa cheupe chenye polishi. Kikichukua rangi ya lori, rangi hiyo ni ya tabaka moja, na mara nyingi polishi pekee huirudishia mng'ao.

Matengenezo

Klia iliyofifia tu husuguliwa kwa msasa wa maji namba 2000, kisha hupigwa polishi. Kila msuguo huipunguza, kwa hiyo kazi hii haiwezi kurudiwa kila mwaka.

Klia iliyokwisha kubanduka haiponi kwa polishi. Kosa la kawaida ni kupiga klia mpya juu ya magamba. Lori hung'aa siku ya kukabidhiwa, lakini klia mpya imeshika ile ya zamani, nayo ya zamani inaendelea kuachia. Zote mbili hutoka pamoja na fedha ya mwenye lori. Inapasa kusugua mpaka ukingo unaobanduka uishe na kidole kisihisi ngazi yoyote. Bati lililo wazi hupigwa praima, hufuata rangi, kisha klia mikono miwili au mitatu. Klia hupigwa boneti nzima au mlango mzima, kwa kuwa kiraka kinachoishia katikati huanza tena kubanduka pembeni.

Klia inayochanganywa na hadena huwa na isosianati, kemikali inayoweza kumletea fundi pumu ya kudumu. Barakoa ya kitambaa haiizuii. Hutumika barakoa ya mpira yenye vichujio vya mkaa, iliyobana uso vizuri, au yenye hewa safi ya bomba. Wasaidizi na watoto wanaotazama nao huondolewa, maana upepo husambaza mvuke huo nje ya gereji.