Bikari ya Dhahabu: Maisha ya Christophe Plantin, Mpiga Chapa wa Antwerp

Katika mji wa Antwerp, nchini Ubelgiji, mbele ya uwanja uitwao Soko la Ijumaa, ipo nyumba kongwe ambamo ukoo mmoja ulipiga chapa vitabu kwa muda wa karibu karne tatu. Alama ya matbaa hiyo ilikuwa mkono ushikao bikari ya dhahabu: mguu mmoja wa bikari umesimama imara katikati, na wa pili wazunguka kuchora duara. Muasisi wake aliifasiri alama hiyo kwa maneno mawili, kazi na uthabiti. Mguu uzungukao ni kazi, na ule usiobanduka mahali pake ni uthabiti. Maisha yake yote yalikuwa sherehe ya maneno hayo.

Christophe Plantin alizaliwa Ufaransa, karibu na mji wa Tours, yapata mwaka 1520. Alijifunza sanaa ya kujalidi vitabu mjini Caen, akamwoa huko Jeanne Rivière, na mwishoni mwa miaka ya 1540 akahamia Antwerp, bandari iliyojaa matajiri wa kila taifa, ambako alipata sifa kwa majalada na visanduku vya ngozi alivyovinakshi kwa dhahabu. Usiku mmoja, alipokuwa akimpelekea kisanduku Gabriel de Çayas, katibu wa Philip wa Hispania, walevi waliofunika nyuso zao walimdhania kuwa mtu mwingine, wakamchoma upanga begani. Jeraha lilipona, lakini mkono haukuiweza tena kazi ile ya nguvu na ustadi. Naye, badala ya kukaa akilia bahati yake, akageukia kupiga chapa, na mwaka 1555 akatoa kitabu chake cha kwanza.

Kazi hiyo ilikuwa na taabu zake. Herufi za risasi zilipangwa moja moja, kinyumenyume, mpaka ukurasa ukatimia. Kisha watu wawili wakasimama mtamboni, mmoja akizipaka wino, mwenziwe akitandika karatasi iliyolowanishwa na kuuvuta mkono wa mtambo, na kwa siku moja walitakiwa kutoa karatasi 1,250 hivi, zilizopigwa chapa pande zote mbili. Wakati ambapo matbaa nyingi zilitosheka na mitambo miwili au minne, Plantin katika miaka ya 1570 alikuwa na mitambo 16 na wafanyakazi zaidi ya 50.

Lakini hakuufikia upeo huo pasipo misukosuko. Mwaka 1562, yeye akiwa safarini Paris, watu wake walipiga chapa kwa siri kijitabu kilichohesabiwa kuwa cha uzushi wa dini, na mali yake yote ikauzwa mnadani. Mwaka uliofuata alirudi, akashirikiana na wenye fedha, akaanza upya. Kisha akajitwika mzigo mkubwa kuliko yote: Biblia ya juzuu 8 kwa lugha tano, yaani Kiebrania, Kiaramu, Kisiryani, Kiyunani na Kilatini, iliyopigwa chapa baina ya 1568 na 1572 chini ya himaya ya Mfalme Philip, na kusimamiwa na mwanachuoni wa Hispania, Benito Arias Montano.

Hapo ndipo ilipodhihiri siri ya nyumba ile. Plantin hakuwa na mwana wa kiume wa kumrithi, kwani mmoja aliyejaliwa alifariki akali mtoto. Lakini binti zake aliwafundisha kusoma tangu utotoni na kusahihisha kurasa zilizotoka mtamboni. Magdalena, akiwa na umri wa miaka 13 hivi, ndiye aliyechukua kurasa za Biblia ile nyumbani kwa Montano na kumsomea kwa lugha zote tano. Margareta aliolewa na Frans Raphelengius, msahihishaji wa matbaa na mjuzi wa Kiarabu, ambaye kamusi yake ya Kiarabu na Kilatini ilitoka Leiden mwaka 1613, baada ya kufa kwake. Martina aliolewa na Jan Moretus, aliyeingia katika utumishi wa matbaa akiwa kijana wa miaka 14.

Mwaka 1576 askari wa Hispania waliokosa mishahara waliuteka mji wa Antwerp na kuupora, na Plantin akalazimika kujikomboa kwa fedha mara tisa. Baadaye alikaa Leiden miaka miwili, akiwa mpiga chapa wa chuo kikuu, kisha akarejea Antwerp, akafariki tarehe 1 Julai 1589. Matbaa ya Antwerp ikamwangukia Jan Moretus, na wazao wake wakashika kanuni kwamba isigawanywe mafungu kama shamba, bali akabidhiwe mrithi aliye hodari kuliko wenziwe.

Mwaka 1876 Edward Moretus aliiuzia serikali ya mji nyumba hiyo pamoja na vyombo vyake vyote, ikafanywa makumbusho. Na tangu 2005 imo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Ndani yake imesimama mitambo miwili ya yapata mwaka 1600, mikongwe kuliko yote iliyosalia duniani, na karibu nayo kipo chumba cha wasahihishaji, chenye meza ya mwaloni chini ya dirisha. Wengi huiendea mitambo. Lakini mitambo ni ule mguu wa bikari uzungukao. Mguu uliosimama ni elimu aliyoipanda Plantin katika watoto wake, nayo ndiyo iliyoishikilia duara kwa karne tatu isipotoke.