Usimuulize kama anajua, mpe sentensi

Mtafiti wa Kiswahili cha Uvira akimuuliza msemaji, "Wewe unasema batoto au watoto?", mara nyingi atajibiwa "watoto", kwa sababu ndivyo shule inavyotaka. Akikaa naye kidogo atasikia "batoto banacheza". Jambo hili si la pwani yetu peke yake: utafiti wa William Labov huko New York, uliochapishwa 1966, ulionyesha kwamba watu hujieleza tofauti na wanavyosema. Kwa hiyo uwanjani hatutegemei msemaji anavyojieleza. Tunampa sentensi, tunaangalia kama anaikubali.

Waandishi wa programu za kompyuta wamefikia mbinu hiyohiyo kwa njia yao. Tuchukue HFST, zana ya Chuo Kikuu cha Helsinki ya kujengea vichanganuzi vya maumbo ya maneno. Imeandikwa kwa lugha ya C++. Ili ifanye kazi, maandishi yake lazima yasomwe na kompaila, yaani programu inayoyageuza kuwa maagizo ya mashine. Lakini C++ ina matoleo sanifu kadhaa, yakiwemo ya 1998, 2011, 2014, 2017 na 2020, na kila mojawapo ya haya lilileta miundo mipya. Kompaila ya zamani haiijui yote. Basi kabla ya ujenzi kuanza, mfumo wa ujenzi unapaswa kujua: kompaila hii inaelewa nini?

Njia ya kwanza ni kuiuliza jina na toleo lake. Majibu yake hayaaminiki sana. Clang, kwa kawaida, hujitambulisha pia kama GCC 4.2.1, kompaila nyingine kabisa ya 2007, ili isikataliwe na programu zinazoijua GCC tu. Visual C++, isipowekewa swichi maalum, hutaja namba 199711, yaani C++ ya 1998, hata kama inaelewa miundo ya 2020. Mmoja anavaa jina la jirani, mwingine anaficha anachokijua.

Njia ya pili ni kuipa sentensi. Autoconf, iliyoanzishwa na David MacKenzie 1991, huandika programu fupi yenye muundo mmoja unaotafutwa, huipa kompaila, kisha huandika jibu: imekubali au imekataa. CMake nayo inaweza kufanya hivyo. Mistari mingi inayopita kwenye skrini kabla ya ujenzi ni mahojiano ya namna hii.

Ila kukubali si kumudu. GCC 4.8 ya 2013 ilipokea bila malalamiko programu zilizotumia maktaba mpya ya kutafuta ruwaza za maandishi, kwa mfano maneno yote yanayoanza na ku-. Zilipoendeshwa, zilishindwa, kwa sababu sehemu kubwa ya maktaba hiyo ilikuwa haijaandikwa. Ilikamilishwa katika toleo la 4.9, mwaka 2014. Jaribio zuri hapa lilihitaji kuiendesha programu, siyo kuisomesha tu.

Na kukataa si kutojua. Msemaji akikataa "batoto banakula mawe", amekataa kiambishi ba- au amekataa mawe? Februari 2024, katika programu ya xz inayobana mafaili kwenye Linux, jaribio la CMake la kutambua Landlock, ulinzi unaoibana programu isiguse isichoruhusiwa, liliwekewa nukta moja isiyo na kazi. Kwa nukta hiyo sentensi ya jaribio ilikuwa mbovu kwa kompaila yoyote. Mfumo ulihitimisha kwamba Landlock haipo, ukaendelea kujenga bila ulinzi, bila kulalamika. Mwezi uliofuata Andres Freund alifichua mlango wa siri ndani ya xz, na nukta ile ikaonekana baadaye: iliwekwa na akaunti ileile.

Hapo ndipo penye hatari kwa mwanafunzi wa Uvira anayejenga zana zake kwenye kompyuta ya zamani, kwa mega za kununua na umeme wa kuvizia. Jaribio likikataliwa, ujenzi hausimami kila mara. Unaweza kukupa programu iliyopungukiwa kiungo, nawe usijue.

Dawa ni kusoma daftari la mahojiano. Autoconf huacha faili linaloitwa config.log, lenye sentensi iliyokataliwa na sababu aliyoitoa kompaila. Tafuta jaribio lililoshindwa, soma sababu. Ikitaja muundo uliokuwa unapimwa, tafuta kompaila mpya. Ikitaja kitu kingine, faili lisilopatikana au alama ya ziada, basi kompaila haina kosa: swali ndilo baya.