Kamba Nzito na Mnyororo: Zana za Mazoezi, Si Zana za Adhabu

Apitaye leo katika baadhi ya majumba ya mazoezi mjini Kampala huenda akastaajabu kuona watu wazima wakiipiga sakafu kwa kamba nene mfano wa ile ifungiayo meli gatini, na wengine wakiinua vyuma vilivyoning'inizwa minyororo huku na huku. Huenda akadhani amepotea njia akaingia bandarini, ama gerezani. Mwandishi wa makala haya, ambaye ni askari, ameulizwa na raia mara nyingi kama mambo hayo yana manufaa au ni mbwembwe za vijana. Manufaa yapo, tena makubwa. Lakini yana masharti, na niliyajua masharti hayo kwa njia ambayo nisingependa msomaji aipitie.

Kamba si ngeni katika mazoezi. Katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1896, iliyofanyika Athens, kupanda kamba kulikuwa shindano kamili. Kamba ilikuwa na urefu wa meta 14, na washindani wawili tu, wote Wagiriki, ndio waliofika kileleni. Mwaka 1904, kule St. Louis nchini Marekani, ushindi ulitwaliwa na George Eyser, mtu aliyekuwa na mguu mmoja wa mti. Baada ya mwaka 1932 shindano hilo halikuonekana tena katika Olimpiki, ila majeshi hayakuiacha kamba, na kadeti yeyote atakuambia jinsi viganja vinavyoungua pindi mtu anapoteleza badala ya kushuka mkono kwa mkono.

Kamba ya kupigisha mawimbi ni jambo la juzi. Aliyeieneza ni John Brookfield wa North Carolina, mtu mashuhuri kwa kupinda vyuma kwa mikono yake. Kamba ya kawaida ya zoezi hili ina urefu wa meta 15 na unene wa milimeta 38 au 50. Huzungushwa kwenye nguzo imara, ncha mbili zikalingana. Mfanya mazoezi akazishika, akakunja magoti kidogo, akanyoosha mgongo, kisha akainua na kushusha mikono kwa zamu hata mawimbi yakasafiri mpaka kwenye nguzo. Mgeni hudhani kazi hii ni ya mikono. Nusu dakika ikipita atatambua kuwa ni ya mapafu, kiuno na miguu pia. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walilinganisha zoezi hili na mengine ya kunyanyua vyuma na ya kutumia uzito wa mwili, wakaona kuwa miongoni mwa yale waliyoyapima, kamba ndiyo iliyoufanya mwili utumie hewa nyingi kuliko yote.

Kuna siri ndogo ambayo wengi hawaijui. Anayeona kazi imemzidi na arudi nyuma, kamba ikaze. Anayetaka kuiongeza na asogee karibu na nguzo, maana kamba ikilegea, sehemu kubwa zaidi yake hubidi kuinuliwa kwa kila wimbi. Sekunde 20 au 30 za kazi, kisha pumziko la muda huo huo au maradufu yake, mara sita hivi, zamtosha anayeanza.

Mnyororo nao una hesabu yake, na hesabu hiyo yapendeza. Chukua chuma cha kilo 60, ukitundike mnyororo wa kilo 10 kila upande. Mtu akichuchumaa, pete nyingi za mnyororo hulala chini, naye hubeba karibu kilo 60 zile zile. Kadiri anavyosimama, pete huinuka moja baada ya nyingine, hata akifika juu anakaribia kilo 80. Basi uzito huwa mdogo pale miguu ilipokunjika na mwili ni dhaifu, ukawa mkubwa pale mwili ulipopata nguvu. Louie Simmons wa Columbus, Ohio, aliyefariki mwaka 2022, ndiye aliyezifanya mbinu hizi zijulikane sana miongoni mwa wanyanyua vyuma. Hata hivyo hapana budi pete za mwisho ziguse chini wakati wote. Mnyororo ukining'inia hewani huyumba, ukamyumbisha na mbebaji. Na wale wanaojivika mnyororo shingoni ili wapigwe picha, mimi sina la kuwaambia isipokuwa kwamba shingo haina akiba.

Nafika sasa kwenye lile lililonifanya niandike. Kazi yangu ya uhusiano yanitaka nisifu, nami husifu kwa moyo mkunjufu. Lakini hili si la kusifu. Tulipokuwa kadeti, katika chuo ambacho sitakitaja, mwenzangu mmoja alirejea kutoka zahanati baada ya homa ya siku nne. Alichelewa gwaride. Mkufunzi akamwamuru aburute mnyororo wa gari kuzunguka uwanja, kisha apande kamba, kisha aburute tena, jua likiwa la utosi, mpaka atakapoambiwa basi. Alijibu, "Ndiyo, afande," akaendelea kwa zaidi ya saa nzima. Sisi wengine tulisimama tukicheka, nami nilicheka.

Usiku ule mapaja yake yalivimba, na asubuhi aliniambia kwa kunong'ona kwamba mkojo wake ulikuwa na rangi ya chai ya rangi. Alinisihi nisimwambie mtu, asije akaitwa mvivu. Nilinyamaza siku nzima. Alipopelekwa hospitali, mafigo yalikuwa yamekwisha kudhurika, na hakurudi chuoni.

Madaktari walitueleza baadaye. Misuli ikifanyizwa kazi kupita kiasi, hasa katika joto na kwa mtu mwenye upungufu wa maji mwilini, huvunjika, na yaliyomo ndani yake huingia katika damu, yakaziba na kuumiza mafigo. Maumivu makali, uvimbe na mkojo mweusi ndizo dalili. Mwenye kuziona aende hospitali saa ile ile, wala asijitibu kwa vidonge vya kutuliza maumivu, maana baadhi yake huyaongezea mafigo madhara. Kamba na mnyororo ni vyepesi kuleta balaa hilo kwa sababu havimwangushi mtu mara moja. Humruhusu aendelee hata baada ya mwili kukataa, hasa kama kuna mtu anayempigia kelele.

Kwa hiyo kuruta au raia aanze kidogo, asubuhi au jioni, maji yakiwa karibu. Aliyetoka kuugua na angoje. Mkufunzi ahesabu muda kwa saa, si kwa hasira yake.

Mwaka jana nilimtembelea mwenzangu huyo. Anafundisha hesabu katika shule ya sekondari, na bado huenda kupimwa damu kila baada ya miezi mitatu. Aliniuliza kama ile kamba ingali pale uwanjani. Nilimjibu kuwa ipo, na kwamba mlinzi wa ghala ana daftari ambamo kila anayeipanda huandikwa jina, saa aliyoanza na saa aliyomaliza.