Mabomu ya Bukoba na Mwanza: Jinsi historia ya mashambulizi ya anga inavyochunguzwa kutoka Kampala

Kati ya mwaka 1972 na 1979, miji miwili ya Tanzania iliyo ukingoni mwa Ziwa Victoria, Bukoba na Mwanza, ilidondoshewa mabomu kutoka angani zaidi ya mara moja. Ndege karibu zote zilikuwa za Uganda. Moja, ambayo husimuliwa kuliko nyingine zote, ilikuwa ya Libya. Habari za mashambulizi hayo zimehifadhiwa vipande vipande: sehemu ziko Kampala, sehemu Dar es Salaam, sehemu London na Washington, na sehemu kubwa imo vichwani mwa wazee ambao wengi wao hawajawahi kuulizwa.

Mtu aliyekuwa na umri wa miaka 20 mabomu ya Oktoba 1978 yalipoanguka Bukoba alizaliwa mwaka 1958. Nyaraka zinaweza kusubiri, lakini mashahidi wa aina hiyo hupungua kila mwaka.

Mashambulizi mawili, kumbukumbu moja

Jambo la kwanza linalomkwaza mtafiti ni kwamba Bukoba ilipigwa katika vipindi viwili tofauti, na kumbukumbu za watu huviunganisha kuwa kimoja.

Kipindi cha kwanza kilikuwa Septemba 1972. Tarehe 17 ya mwezi huo, wapiganaji wapatao 1,000 waliomuunga mkono Rais aliyepinduliwa, Milton Obote, walivuka mpaka kutoka Tanzania wakielekea Masaka na Mbarara. Walishindwa vibaya. Katika siku zilizofuata, Idi Amin alilipiza kwa kutuma ndege kuipiga Bukoba na Mwanza. Mgogoro huo haukugeuka kuwa vita kamili, kwa kuwa Somalia iliingia kati na pande mbili zikatia saini Mkataba wa Mogadishu tarehe 5 Oktoba 1972.

Kipindi cha pili kilianza Oktoba 1978. Ndege za MiG za Uganda ziliishambulia Bukoba tarehe 18 Oktoba, siku chache kabla ya majeshi ya Amin kuingia kwa nguvu katika eneo lililo kaskazini ya mto Kagera. Madhara kwa majengo hayakuwa makubwa. Mshindo, hata hivyo, ulivunja vioo vya madirisha na kuwatia wakazi hofu kubwa. Tarehe 1 Novemba Amin alitangaza kwamba eneo hilo, lenye ukubwa wa maili za mraba 710, limekuwa sehemu ya Uganda, na Redio Uganda ikajigamba kwamba lilitekwa kwa dakika 25 tu.

Kwa hiyo, mkazi wa Bukoba anaposema kwamba ndege zilikuja wakati wa Amin, bado hajataja mwaka. Kumbana ataje tarehe hakusaidii sana, kwa maana watu wachache hukumbuka tarehe. Maswali mengine hutoa jibu la uhakika zaidi: Je, wakati huo mzee alikuwa shuleni au alikuwa ameoa? Je, daraja la Kyaka lilikuwa limekwisha kuvunjwa? Je, chama kilikuwa TANU au CCM? Swali hili la mwisho ni jepesi na lina faida kubwa, kwa kuwa CCM ilizaliwa tarehe 5 Februari 1977. Aliyekuwa na kadi ya TANU siku ya mabomu anazungumzia mwaka 1972.

Jina linaloficha habari

Wapo watafiti wanaofungua magazeti ya mwaka 1978 wakitafuta neno "Kagera" na kurudi mikono mitupu, au wakiambulia habari za mto peke yake. Sababu ni ndogo lakini imewapotezea wengi muda: mkoa huo haukuitwa Kagera wakati wa mashambulizi. Uliitwa Ziwa Magharibi, na jina la Kagera lilikuja baada ya vita. Hata jina la vita vyenyewe halikuwepo siku mabomu yalipoanguka.

Kampala ina hazina yake. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Makerere huhifadhi magazeti ya zamani, na Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa Entebbe, sasa ina jengo lake Wandegeya. Gazeti la kusomwa kwanza ni Voice of Uganda, lililochukua nafasi ya Uganda Argus na ambalo lilikuwa kinywa cha serikali ya Amin. Upande wa pili kuna Daily News, mali ya serikali ya Tanzania, na Uhuru, gazeti la chama. Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa huru kuandika lilivyopenda wakati wa vita. Lakini hilo halitoshi kuyatupa. Magazeti mawili yenye uongo tofauti, yakisomwa siku kwa siku yakiwa yamewekwa ubavu kwa ubavu, hutoa ukweli mwingi kuliko gazeti moja lenye uongo wa aina moja. Pale ambapo yote mawili yanakiri jambo lilelile, mtafiti anaweza kuweka alama.

Redio ni muhimu hata kuliko magazeti, kwa sababu ndiyo iliyosikiwa na watu wengi na ndiyo iliyojibizana papo hapo kuvuka mpaka. Matangazo mengi ya wakati huo yalipotea hewani, lakini idara ya BBC ya kufuatilia vyombo vya habari iliyasikiliza, ikayatafsiri kwa Kiingereza na kuyachapisha. Anayetumia machapisho hayo akumbuke kwamba saa zake ni za GMT. Tukio lililoandikwa saa 7 mchana kwa hesabu hiyo, kwa saa za Afrika Mashariki ni saa 10 jioni. Shahidi wa Kiswahili anayesema "saa nne" ana maana ya saa nne asubuhi au usiku, lakini mwandishi mgeni aliyeinakili kama alivyoisikia huenda aliigeuza kuwa alfajiri. Makosa ya namna hii yamekwisha kuingia vitabuni na huko yanarithiwa.

Nyaraka za kibalozi nazo zina dosari inayofaa kujulikana mapema. Simu za maandishi za Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani za miaka ya 1970 sasa zinasomeka kwenye intaneti, na mtu anaweza kudhani kwamba zitamweleza yaliyojiri Kampala. Ubalozi wa Marekani mjini Kampala ulifungwa Novemba 1973. Uingereza nayo ilivunja uhusiano na Uganda mwaka 1976. Hivyo, wanadiplomasia wa nchi hizo walioandika kuhusu mabomu ya 1978 walikuwa Nairobi na Dar es Salaam, na mara nyingi walinukuu redio zilezile ambazo kila mwananchi alikuwa akizisikiliza. Muhuri wa "siri" juu ya karatasi haumfanyi mwandishi wake kuwa shahidi.

Picha zipo, lakini za nini?

Mwaka 2015, katika ofisi za shirika la utangazaji la Uganda, UBC, lilifunguliwa kabati lililokuwa na makumi ya maelfu ya negativu za picha zilizopigwa na wapiga picha wa serikali, nyingi zikiwa za enzi ya Amin. Kazi ya kuzihifadhi kidijitali ilianza mwaka 2018 kwa ushirikiano na vyuo vikuu, kikiwemo Makerere, na mwaka 2019 baadhi zilionyeshwa katika Jumba la Makumbusho la Uganda, Kampala.

Wageni wengi wa maonyesho hayo walitazamia kuona damu. Walichokiona zaidi ni sherehe, mikutano, gwaride na watu waliovaa vizuri. Wapiga picha hao walitumwa kuonyesha serikali inavyofanya kazi, si inavyoua. Kwa anayechunguza mashambulizi ya anga, faida ya picha za aina hii ni ya pembeni: sare za marubani, aina ya ndege zilizopita kwenye gwaride, maofisa waliosimama karibu na Amin. Bukoba iliyopigwa mabomu haipatikani kwa kutazama sherehe za Kampala.

Ndege ya Libya na swala wa Saanane

Hakuna tukio linaloonyesha vizuri zaidi umbali kati ya tangazo na ukweli kama lile la Mwanza la tarehe 29 Machi 1979. Wakati huo vita vilikuwa vimegeuka. Majeshi ya Tanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni yalikuwa yamepita Masaka na Lukaya yakikaribia Kampala. Muammar Gaddafi, aliyekuwa amepeleka askari kumsaidia Amin, aliipa Tanzania muda wa saa 24 iondoke Uganda. Mwalimu Nyerere hakutii.

Ndege ya Libya aina ya Tupolev Tu-22, inayoruka kwa kasi kuliko sauti, ikatumwa kulipua hifadhi ya mafuta ya Mwanza. Ilikosa shabaha. Mabomu yaliangukia hifadhi ya wanyama ya Saanane, yakamjeruhi mfanyakazi mmoja na kuua swala kadhaa. Kisiwa hicho kidogo, kilicho karibu kabisa na katikati ya mji, kilikuwa bustani ya wanyama ya serikali tangu mwaka 1964, na kimekuwa hifadhi ya taifa tangu 2013.

Kisa hicho husimuliwa kwa kicheko, na pengine ni haki yake. Lakini kicheko nacho kina namna yake ya kufunika mambo. Swala wa Saanane wanakumbukwa kuliko binadamu waliokufa au kuumia katika mashambulizi ya miaka ya nyuma, ambayo hayakuwa na kichekesho chochote cha kuyabeba. Isitoshe, Tanzania ilijibu: ndege zake zilishambulia hifadhi za mafuta za Kampala, Jinja na Tororo. Jinja nayo ni mji wa ukingo wa ziwa, na wazee wake wana la kusema. Utafiti unaoishia Bukoba na Mwanza unasimulia nusu ya habari.

Bomu, kombora na saba saba

Hapa ndipo anayejua Kiswahili anapomzidi mtafiti mwingine. Katika mazungumzo ya kawaida, neno "bomu" hubeba kila kinacholipuka: kilichodondoshwa na ndege, kilichorushwa na mzinga, hata kilichotegwa ukutani. Nchini Uganda limo neno jingine la vita hivyo, "saba saba", ambalo raia waliyapa makombora ya Tanzania yaliyokuwa yakivurumishwa kutoka mbali kwa magari maalumu. Mtu anayesema nyumba yao ilivunjwa na bomu aulizwe kwa upole: Je, ilisikika ndege kwanza? Mlio ulikuja mmoja au mfululizo? Masaka, kwa mfano, iliharibiwa sana Februari 1979, lakini sehemu kubwa ya uharibifu huo ilifanywa na askari waliokuwa ardhini, wakilipiza yaliyotendwa Kagera. Kuuhesabu kuwa kazi ya ndege ni kumsingizia rubani na kumwachia huru mwingine.

Hata ndege iliyoonekana ikianguka si lazima iwe ya adui. Mapema katika vita hivyo, ndege tatu za Tanzania zilidunguliwa karibu na Musoma na wapiga mizinga wa Tanzania wenyewe, waliozidhania za Uganda. Vilevile, Entebbe ilipotekwa Aprili 1979, baadhi ya MiG zilizokutwa hapo zilichukuliwa na kupelekwa Tanzania. Anayekumbuka kuziona "ndege za Amin" zikipita juu ya ziwa baada ya hapo huenda anakumbuka sawasawa, ila rubani wake alikuwa Mtanzania.

Wanaonyamaza

Vitabu vya Kiswahili kuhusu vita hivyo viliandikwa mapema, kikiwemo "Kuzama kwa Idi Amin" cha Baldwin Mzirai cha mwaka 1980 na utenzi wa Henry Muhanika uliotoka mwaka uliofuata. Kwa Kiingereza, "War in Uganda" cha Tony Avirgan na Martha Honey, wanahabari walioishi Dar es Salaam na kuandamana na majeshi ya Tanzania, kingali msingi wa mengi yanayorudiwa leo. Vyote vinatazama vita kutoka upande wa walioshinda.

Upande wa pili, yaani mafundi waliotengeneza ndege Entebbe, waliopakia mabomu, wake na watoto waliokaa kambini, umeandikwa kidogo. Baada ya Amin kuanguka, jamii zilizohusishwa naye zililipiziwa kisasi. Wanubi wa Bombo, ambao Kiswahili na Kinubi ndizo lugha za nyumbani kwao, walikimbilia Sudan, Kenya na Zaire, na wengi walirudi baada ya miaka mingi. Katika familia hizo, kumtaja babu aliyekuwa askari wa anga kulikuwa hatari, na hofu hiyo haikwishi kwa sababu mgeni amekuja na kinasa sauti.

Watafiti wazoefu hawaanzi na swali la nani alipiga Bukoba. Huanza na kazi: babu alifanya kazi gani, alianza lini, alilipwa vipi, siku ya mwisho kambini ilikuwaje. Jina la shahidi halichapishwi pasipo ruhusa yake, na nakala ya maneno yake hurudishwa kwake ayasome au asomewe. Mara kadhaa ni hapo, katika usomaji huo wa pili, mzee anaposahihisha mwaka.