Nani Anamlipia Mtoto wa Chekechea? Tanzania na Kenya

Swali hili hufika mara kwa mara mezani mwa kamati za parokia: ikiwa Serikali imefuta ada, kwa nini chekechea ya kanisa bado inaomba michango?

Tuanze na Vingunguti. Mama anayeuza supu jirani na machinjio huondoka nyumbani alfajiri. Mwanawe wa miaka mitano anaweza kwenda darasa la awali katika shule ya msingi ya serikali, ambako hakuna ada, au chekechea ya mtaani, ambako mama hulipa kila mwezi. Darasa la bure limejaa, na chekechea ya mtaani hana uwezo nayo. Je, fedha za umma kwa ajili ya mtoto huyu ziko wapi? Kuwatazama jirani zetu wa Kenya kutatusaidia kuelewa.

Kenya: mfuko wa kaunti

Kenya ilipofuta ada za shule za msingi mwaka 2003, shule za awali hazikuguswa. Wazazi waliendelea kuwalipa walimu, na baadhi yao waliwatoa watoto chekechea wakisubiri darasa la kwanza la bure. Katiba ya mwaka 2010 ilikabidhi elimu ya awali kwa kaunti 47, zilizoanza kazi mwaka 2013. Tangu hapo kaunti huajiri walimu na kujenga madarasa kwa bajeti zao. Uzuri wake ni kwamba mwananchi anajua wa kumwuliza. Ubaya wake ni kwamba huduma hutegemea mtoto anaishi kaunti gani, na mgao wa serikali kuu ukichelewa, mishahara nayo huchelewa.

Tanzania: mfuko mmoja na shule ya msingi

Kwetu, Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilifanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima. Januari 2016 ada ilifutwa kuanzia awali hadi kidato cha nne. Watoto wa awali waliongezeka kutoka milioni 1 hivi mwaka 2015 hadi zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2016. Walimu na vyumba havikuongezeka kwa kasi hiyo. Kiwango kilichowekwa ni mwalimu 1 kwa watoto 25, lakini katika shule za serikali mwaka huo wastani ulipita watoto 100. Fedha za awali hukaa pamoja na za msingi katika halmashauri, hivyo ni vigumu kujua mtoto wa awali amepata kiasi gani.

Kwa hiyo tukiambiwa nchi moja inatumia zaidi ya nyingine, tuulize kwanza ni mfuko upi umehesabiwa. Mkutano wa UNESCO uliofanyika Tashkent mwaka 2022 ulikubaliana angalau asilimia 10 ya matumizi ya elimu iende elimu ya awali. Kupima hilo Kenya ni kujumlisha hesabu za kaunti zote na za Wizara. Kupima Tanzania ni kutenganisha awali na msingi.

Uji na sare havimo

Kufuta ada si kufuta gharama. Waraka wetu wa elimu bila malipo uliwaachia wazazi sare, madaftari na chakula. Nairobi ilianza mwaka 2023 mpango wa chakula cha mchana kwa shule za umma, zikiwemo za awali, mzazi akichangia shilingi 5 za Kenya kwa mlo. Chekechea za kanisa huhesabiwa kuwa za binafsi, na uendeshaji wake hutegemea karo na michango.

Tufanye nini?

Kamati zihudhurie vikao vya kamati ya shule na vya maendeleo ya kata, ziulize: darasa la awali limetengewa nini mwaka huu? Pale penye darasa la bure lililojaa, huenda sufuria la uji na mikeka vikasaidia watoto wengi kuliko jengo letu jipya. Na wafadhili waulize bila kuona haya: michango yetu inamfikia mtoto wa muuza supu, au inapunguza karo ya wenye uwezo? Kama anaachwa nje ya mlango wetu kwa kukosa karo, tumejenga shule lakini hatujatimiza utume.